Uchambuzi wa kisa: Staa wa kikapu wa chuo, miaka 19, na mitupo miwili aliyokosa

Kwanza kuhusu kisa chenyewe

Hiki kisa kimetokea chuo kimoja Marekani, timu ya kikapu ya wanaume, divisheni ya kwanza. Mwenyewe ameridhia kiandikwe ila jina, jimbo, chuo, msimu na namba ya jezi nimevitoa, na vitu vingine vidogo vidogo nimevigeuza ili hata aliyekuwepo pale asiweze kusema huyu ni fulani. Nitamwita Dogo tu, maana ndicho alichokuwa, dogo wa miaka 19, na hilo karibu kila mtu kwenye hiki kisa alilisahau kwa namna yake, waliomtukana na waliompenda pia.

Mimi nilikuwa kitengo cha masomo cha wanamichezo, kazi yangu kukaa nao mezani jioni kuwasaidia hesabu na takwimu. Mengi niliyaona, mengine yalitoka kwenye vikao vya tathmini tulivyokaa baadae.

Usuli

Kama hufuatilii michezo ya vyuo ya Marekani ni ngumu kuelewa ukubwa wake. Uwanja wa mpira wa Kimarekani wa chuo kikuu cha Michigan unaingiza watu zaidi ya 107,000, na kuna miji mingi haina timu ya kulipwa hata moja kwa hiyo timu ya chuo ndo kila kitu, watu wanapaka nyumba rangi za timu, wanabatiza watoto majina ya wachezaji. Mwezi wa tatu timu zaidi ya 60 zinaingia mashindano ya kikapu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na nchi nzima inajaza mikeka, hata watu ambao mwaka mzima hawajui kikapu ni nini.

Alafu mambo mawili yamebadilika miaka ya karibuni. Mei 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sheria ya shirikisho iliyokuwa inazuia majimbo kuruhusu kubeti michezo, sasa hivi majimbo zaidi ya 35 yanaruhusu na kwenye mengi yake mtu anabeti akiwa kitandani kwake kwa simu. Tena habeti tu nani atashinda, anabeti fulani atapata pointi ngapi, ribaundi (kudaka mpira uliokosa goli) ngapi. La pili, Julai 2021 wanachuo wakaruhusiwa kupata hela kwa jina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia wachezaji sehemu ya mapato. Kwa hiyo shabiki wa leo ana sentensi yake tayari: si analipwa, avumilie.

Ratiba yao sasa. Sheria ya NCAA inasema mazoezi na mechi visizidi masaa 20 kwa wiki wakati wa msimu, na siku moja ya mapumziko. Sawa, ila mechi inahesabiwa masaa matatu hata kama imekula siku nzima. Dogo alikuwa chumba cha vyuma saa kumi na mbili asubuhi, akitoka hapo darasani, akitoka darasani barafu ya goti, mazoezi, kuangalia video za wapinzani, alafu saa mbili usiku ndo anafika mezani kwangu na begi lake akiwa hoi.

Na alikuwa analelewa bado, hilo watu hawalijui. Nguo zake za mazoezi anazifunga kwenye kamba yenye namba yake, anazitupa kwenye kapu, kesho anazikuta safi. Ndege anakatiwa, chakula anapangiwa, masomo anachaguliwa na mshauri. Mbele ya watu elfu kumi na mbili alikuwa ametulia kabisa, ila kupiga simu kuomba miadi ya daktari wa meno hajui aanzie wapi. Wiki moja akaamua kufua mwenyewe nguo zake za kawaida, akachanganya na hudi mpya nyekundu, akaja mezani na soksi za pinki, na muda wote ule alikuwa amezificha miguu chini ya kiti kwa sababu meza ya pili kulikuwa na watu wameshika simu. Kijana yeyote wa miaka 19 akiharibu soksi zake anachekwa na wenzake inaisha. Yeye alijua kwamba ikipigwa picha kesho asubuhi mji mzima unayo.

Yalianza kabla ya ile mechi

Hapa naomba tukae kidogo maana kwenye vikao watu walipenda kuanza na usiku wa mechi, na mimi naona si kweli.

Semista ilipoanza alikuwa na somo la takwimu, darasa la watu zaidi ya mia mbili. Mhadhiri wake alikuwa shabiki mkubwa, mtu mwema kabisa, wiki ya pili akamtumia Dogo kama mfano wa uwezekano: huyu mwenzenu anafunga mitupo huru (ile ya pointi moja moja anayopewa mtu akichezewa rafu) asilimia 80, je, uwezekano wa kufunga yote miwili ni ngapi? Jibu asilimia 64, darasa likapiga makofi, Dogo akatabasamu. Kuanzia siku hiyo hakuuliza swali tena kwenye lile darasa. Aliniambia hawezi kunyoosha mkono na kusema sijaelewa mkengeuko wastani (kipimo cha namba zilivyotawanyika) wakati darasa zima linajua wewe ni nani. Wiki ya sita nilikuwa namfundisha vitu vya wiki ya tatu.

Kabla ya msimu pia gazeti la pale mjini liliandika makala nzuri kuhusu yeye na bibi yake aliyemlea, na picha yao wakiwa jikoni. Chuo kiliifurahia, kikaisambaza. Mwezi wa kumi na mbili yule bibi akaanza kusafishwa figo, na aliyejua ni rumeti wake peke yake. Mimi nilikuwa nakaa naye mara tatu kwa wiki na sikuwahi kusikia.

Kilichotokea

Mechi ya nyumbani, mwezi wa pili, iko kwenye TV. Timu iko nyuma kwa pointi moja, sekunde zimebaki chache sana, Dogo anachezewa rafu anapewa mitupo miwili. Akakosa wa kwanza, akakosa wa pili. Alimaliza na pointi 13 na kwenye beti alikuwa amewekewa 14.5, yaani unabeti atapita hapo au hapiti, kwa hiyo kuna watu waliumia na matokeo na kuna watu mikeka yao ilichanika kwa jina lake hasa.

Hajaingia hata kuoga simu ilikuwa na meseji mamia. Matusi, ubaguzi wa rangi, wanaosema ameuza mechi. Mmoja alimtumia ombi la dola 400 kwenye app ya kutumiana hela, kwenye maelezo ameandika ni fidia ya mkeka. Wawili walitaja jengo analolala. Na mmoja alimtaja bibi yake, na yale ya bibi aliyatoa kwenye ile makala nzuri ya gazeti.

Jumatatu darasani mhadhiri akarudi kwenye mfano wake. Akauliza, na uwezekano wa mtu wa asilimia 80 kukosa yote miwili? Jibu ni asilimia 4, na alichotaka kuonyesha, na hapa nasema kwa haki yake, ni kwamba hili jambo ni la kawaida, mtu akipiga jozi nyingi za mitupo kwa msimu kuna siku lazima litatokea na halina maana yoyote kuhusu moyo wake. Hoja ilikuwa sahihi kabisa. Ila kabla hajaimalizia watu walishacheka, kuna aliyerekodi, na Dogo alikaa hadi kipindi kikaisha na hakurudi tena.

Jumatano alikuja kwangu kwa mlango wa nyuma, kofia ya hudi hadi kwenye nyusi. Alhamisi mwenzake wa kundi la maabara, ambaye alimhesabu ni rafiki, akamuuliza kwa meseji goti linaendeleaje, akajibu linauma kidogo. Usiku rumeti akakuta hilo jibu limewekwa kwenye kundi la watu wa kubeti, na ushauri wa kuweka hela juu yake. Sasa NCAA inakataza mchezaji kutoa taarifa za ndani kwa wanaobeti, kwa hiyo Ijumaa Dogo akaitwa na ofisi ya chuo inayosimamia hizo sheria. Walitaka kumsikiliza tu. Yeye akatoka pale anaamini anachunguzwa.

Maamuzi ya mwanzo, na kwa nini yalifanywa

Mtu wa habari wa timu aliamua kuchukua simu na kufuta app zote. Alikuwa ameona zile meseji na akataka kuzizuia, ungekuwa wewe pengine ungefanya hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba shangazi yake Dogo alikuwa anatuma hali ya bibi kupitia app mojawapo kati ya hizo. Kwa siku nne yule kijana hakujua bibi yake yuko hospitali au yuko nyumbani, na hakusema, kwa sababu kusema kungemaanisha aeleze mambo ambayo hajawahi kumueleza mtu pale.

Kocha akaamua kumpumzisha mechi moja. Nia ilikuwa njema. Dogo alilijua hilo kwenye kikao cha timu pamoja na wenzake wote, na huko nje ikasomwa kwamba ameadhibiwa, na waliokuwa wanasema ameuza mechi wakapata cha kushikilia. Alafu kocha akaulizwa na waandishi, akamtetea kwa nguvu zote, akasema huyu ndo mtoto mgumu kuliko wote aliowahi kufundisha. Baadae Dogo alituambia hiyo ndo sentensi iliyomfunga mdomo, maana alikuwa halali usiku wa tano mfululizo na sasa angemwambia nani?

Geuko

Rumeti ndo alivunja ukimya. Jumapili alimfuata mtaalamu wa tiba wa timu, yule dada anayewafunga bandeji, akamwambia jamaa hajala siku mbili na hatoki chumbani. Dada akaenda. Hakumpigia kocha kwanza, hakwenda na mtu wa pili. Akakaa chini sakafuni akamuuliza, "Leo umekula nini?" Dogo akasema hajala. "Unataka nini?" Akasema hajui. Wakaagiza chakula, wakakaa kimya, na katikati ya kula ndo akaanza kusema habari za bibi. Hakutaja kikapu hata kidogo.

Kabla hajaondoka dada alimuuliza waziwazi kama amewaza kujidhuru. Watu wanaogopa hilo swali wakidhani litampa mtu wazo, na wataalamu wa afya ya akili wanasema halimpi, linampa nafasi. Dogo akasema hana mpango wowote ila kuna asubuhi anatamani asingeamka. Hilo lilitosha, jioni ile ile akaonana na mtaalamu wa saikolojia, na akapewa namba ya 988 ambayo Marekani nzima inatumika kwa msaada wa dharura wa afya ya akili tangu 2022. Kitu kizuri ni kwamba njia ilishakuwepo, vyuo vya divisheni ya kwanza tangu 2024 vinatakiwa kuwa na utaratibu wa afya ya akili kwa wanamichezo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza. Wakachagua pia aonwe nje ya jengo la michezo, maana ofisi ya mshauri mle ndani ina mlango wa vioo na anayeingia anaonekana na kila anayepita.

Kesho yake kikaitwa kikao, na kwa mara ya kwanza mwenyewe akaulizwa anataka nini. Alitaja vinne: simu yake, kumuona bibi, asirudi kwenye lile darasa, na aambiwe kama anachunguzwa au hachunguzwi. Vyote vinne havihusu mpira. Watu wazima saba kwenye kile chumba walikuwa wamejiandaa kuzungumzia dakika zake za kucheza.

Simu akarudishiwa, rumeti na mfanyakazi mmoja wakapewa ruhusa ya kupitia akaunti, wanachuja matusi, ya vitisho wanapiga skrinshoti na kuhifadhi, na zile mbili zilizotaja jengo zikaenda polisi wa chuo. Aliruhusiwa kwenda kwa bibi, akakosa mazoezi na mechi moja, na maneno ya tangazo kwa umma aliyasoma na kuyakubali yeye kabla hayajatoka. Ile ofisi ya chuo iliyomuita Ijumaa ikampa barua inayosema yeye ni shahidi na si mtuhumiwa. Kwenye takwimu tulikuwa na mtego: akiacha somo anashuka chini ya kredi 12, na mwanachuo akishuka hapo anapoteza sifa ya kucheza papo hapo, na bado anatakiwa awe amekamilisha asilimia 40 ya digrii akiingia mwaka wa tatu. Kwa hiyo hatukumuachisha, tulimhamishia kundi lingine la somo hilo hilo kwa mwalimu mwingine, darasa la watu thelathini, na yule mwalimu aliombwa kitu kimoja tu, asimtaje.

Matokeo

Alirudi uwanjani baada ya wiki mbili, akacheza kawaida, siku nyingine vizuri siku nyingine vibaya. Takwimu alifaulu kwa C+. Bibi aliendelea na matibabu. Mmoja wa waliotuma vitisho alipatikana, mtu mzima mwenye familia yake na hajawahi kukanyaga pale chuoni, akapewa onyo na akaunti yake ya kubeti ikafungwa. Yule mwenzake wa maabara alifikishwa kwenye nidhamu ya wanafunzi, na urafiki ukafia hapo. Mhadhiri aliandika barua kwa mkono ya kuomba radhi, Dogo aliisoma, na kuijibu hakuijibu, na sidhani anadaiwa jibu.

Usingizi ulichukua miezi kurudi. Nalisema hili kwa sababu kwenye ripoti ya kwanza kulikuwa na mtu ameandika tatizo limekwisha siku aliyorudi uwanjani.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni swali la chakula na kile kikao alichoulizwa mwenyewe. Mpaka hapo kila uamuzi ulikuwa umefanywa juu yake na watu waliomtakia mema, na kila mmoja uligusa sehemu ya maisha yake ambayo aliyeamua hakujua kama ipo. Ukimjua mtu kwa jezi tu ukimsaidia utasaidia jezi. Huwezi kuchukua simu ya kijana bila kumuuliza nani anampigia humo.

Matusi yenyewe si mageni na hayakuanza na beti. Novemba 2013 Cade Foster, mpigaji wa mipira kwenye timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo kikuu cha Alabama, alikosa mipigo mitatu kwenye mechi na wapinzani wao Auburn akatumiwa vitisho vya kuuawa, naye alikuwa mwanachuo tu, mpaka rais mstaafu George W. Bush akamuandikia barua ya kumtia moyo kama namba 43 mwenzake, maana jezi ya Foster ilikuwa 43 na Bush ni rais wa 43. Beti imeongeza aina mpya ya hasira, ya mtu anayekudai. Machi 2024 Armando Bacot, mchezaji wa kikapu wa chuo kikuu cha North Carolina, alisema alipata meseji zaidi ya mia moja za watu waliokasirika kwa sababu ribaundi zake hazikufika walizobetia, na timu yake ilikuwa imeshinda! Mwaka huo huo Ohio, Maryland, Vermont na Louisiana zikazuia beti za mchezaji mmoja mmoja wa chuo. Naunga mkono moja kwa moja, na ningependa majimbo yote yafuate, maana beti ya namna hiyo inaweka bei kwenye kiwiko cha mtoto wa miaka 19.

Ila sheria hizo hata zingekuwepo pale zisingegusa lile darasa la takwimu. Na hapo ndo naona tulifeli mapema zaidi, wakati kila kitu kinaonekana kizuri. Makofi ya wiki ya pili yalimnyang'anya haki ya kutojua kitu mbele za watu. Makala ya gazeti ilimfanya bibi kuwa mali ya umma. Sifa ya kocha ilimnyima ruhusa ya kuumwa. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyemchukia. Sifa zilimjengea mtu mwingine ambaye yeye alitakiwa amuigize kutwa nzima, na alipokosa mitupo miwili hakuwa na pa kuweka aibu yake, kwa sababu yule wa kwenye sifa haoni aibu.

Kwa upande mwingine tuna mfano mzuri wa hadharani. Harry Miller alikuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa chuo cha Ohio State, alimwambia kocha wake Ryan Day kwamba anafikiria kujiua, kocha akamuunganisha na msaada, na mwaka 2022 Miller akatangaza mwenyewe kwamba anaacha mpira na kwa nini. Kinachonigusa pale ni kwamba kuna siku huyo kijana aliweza kuingia ofisini na kusema. Dogo wetu asingeweza kuingia ofisi ya kocha wake baada ya ile sentensi ya kocha, na kocha mwenyewe alipoambiwa hivyo kwenye tathmini alinyamaza muda mrefu, alafu akaomba waandikiwe mwongozo wa kuongea na waandishi.

Na hoja ya analipwa. Wengi hawapati hela ya maana, na NCAA wenyewe wanasema wanaofika ligi za kulipwa hawafiki hata asilimia 2. Ila hata anayelipwa vizuri, hela inalipia kazi ya uwanjani. Haimpi ubongo wa miaka thelathini, na sehemu ya ubongo inayosaidia kuvumilia na kupima mambo inaendelea kukomaa mpaka katikati ya miaka ya ishirini. Analipwa na bado ni wa miaka 19, vyote viwili kwa wakati mmoja.

Yaliyobaki bila kutatuliwa ni mawili. Ile makala ya bibi bado ipo mtandaoni na hakuna njia ya kuirudisha, kwa hiyo siku hizi mchezaji anayekuja anaulizwa kabla ya mahojiano ya mwanzo wa msimu ni mambo gani ya nyumbani hataki yaguswe, na mtu wa habari anakaa pembeni kuyalinda. La pili ni wahadhiri. Tulipendekeza kila mwalimu mwenye mchezaji darasani apewe karatasi ya ukurasa mmoja, usimtaje, usimtolee mfano, usimuulize habari za mechi mbele za wenzake, akikosa kipindi muulize kama unavyomuuliza mwanafunzi mwingine yeyote. Idara mbili zimeikubali. Idara ya takwimu bado inaijadili, na yule mhadhiri wa barua ndiye anayeisukuma.